Wagonjwa Wawili, Nyumba Moja: Kuuguza Baada ya Kupandikizwa Figo

Novemba 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini Tanzania, ikisaidiana na madaktari wa Hospitali ya BLK ya New Delhi. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ikaanza, ikisaidiwa na wataalamu wa Kijapani. Kabla ya hapo mgonjwa alipelekwa nje, mara nyingi India, akifuatana na ndugu wa kumuuguza na ndugu wa kumchangia figo. Waliobaki Dar es Salaam waliwapokea uwanja wa ndege vidonda vikiwa vimeshafunga. Siku hizi mgonjwa anapewa ruhusa Muhimbili, Upanga, asubuhi, adhuhuri yuko kwenye ghorofa la Mtaa wa Lumumba au chumba cha uani kule Gerezani, na watu wamejaa mlangoni wanashukuru Mungu kwamba amepona.

Hapo ndipo familia nyingi zinapolegeza kamba mapema. Aliyepandikizwa figo ameachana na mashine ya kusafisha damu, na hilo ni jambo kubwa la kushukuru. Lakini ataishi na dawa na kliniki muda wote figo ile itakapokuwa inafanya kazi. Na chumba cha pili yupo ndugu mwingine mwenye kidonda tumboni, aliyeingia hospitali akiwa mzima, akatoka na figo moja. Naandika kwa ajili ya wanaowauguza wote wawili, hasa sisi wa huku Mnazi Mmoja na Kariakoo, ambako nyumba zimebanana na mtaa hauna utulivu.

Anzeni kabla ya ruhusa. Watu wawili wa familia, siyo mmoja, wakae na muuguzi wa kitengo cha figo waelezwe kila dawa: jina lake, kazi yake, vidonge vingapi, saa ngapi. Nasema wawili kwa sababu mmoja ataumwa, atasafiri au atachoka. Ondokeni na namba ya simu ya kupiga usiku, tarehe za kliniki zilizoandikwa, na jibu la wazi kuhusu malipo: bima ya mgonjwa inalipia dawa zipi, zipi mtanunua wenyewe, na kwa mwezi ni kiasi gani. Swali hili msilione aibu. Figo iliyopatikana kwa upasuaji wa watu wawili inaweza kupotea kwa sababu tu fedha ya dawa ya mwezi wa nne haikupangwa.

Ulizeni pia kuhusu kile kimpira chembamba ambacho daktari wa upasuaji kwa kawaida hukiweka kwenye njia ya mkojo ili iungane vizuri. Hutolewa baada ya wiki chache. Wapo wanaojisikia vizuri wakaona hakuna haja ya kurudi, kikaishia kuwaletea maambukizi. Tarehe ya kukitoa iandikwe ukutani.

Sasa dawa zenyewe. Mtu akikuambia, "Figo ni ya dada yake wa damu, mwili hauwezi kuikataa," mwambie kwa upole kwamba siyo hivyo. Figo ya kwanza kupandikizwa kwa mafanikio ya kudumu ilipandikizwa Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, na daktari Joseph Murray. Ronald Herrick alimpa ndugu yake Richard, na mwili wa Richard haukuikataa kwa sababu walikuwa pacha wa kufanana, waliotokana na yai moja. Ndugu wengine wote, hata mama na mwanawe, wanatofautiana kiasi cha kutosha kwa kinga ya mwili kuiona figo ile ni ngeni na kuishambulia. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa dawa tatu za kushusha kinga: takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni. Haziachwi kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anazimeza.

Takrolimasi inataka saa. Ile inayomezwa mara mbili kwa siku huachana saa 12, kwa hiyo chagueni saa ambayo nyumba yenu haiwezi kuisahau. Saa 2:00 asubuhi na saa 2:00 usiku inafaa nyumba nyingi, maana usiku taarifa ya habari ya televisheni inaanza na kila mtu anajua ni saa ngapi. Wekeni kengele kwenye simu mbili. Vidonge vya wiki vipangwe kwenye kiboksi chenye vyumba vya siku, Jumapili jioni, mmoja akipanga na mwingine akihakiki, na takrolimasi ibaki kwenye karatasi yake mpaka saa ya kumezwa. Kiboksi kisikae juu ya friji wala dirishani panapopiga jua.

Siku ya kliniki utaratibu unabadilika. Hospitali hupima kiasi cha takrolimasi kilichobaki kwenye damu kabla ya dozi ya asubuhi. Mgonjwa asimeze dozi hiyo nyumbani. Aibebe, atolewe damu, kisha ameze palepale. Akiimeza kabla, kipimo kitadanganya na daktari anaweza kupunguza dozi ambayo haikustahili kupunguzwa. Bebeni maji na kitafunwa, foleni huwa ndefu.

Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, au akisahau, pigeni simu muulize. Kamwe asimeze dozi mbili kwa pamoja ili kufidia. Zikibaki dawa za wiki mbili, nendeni mkachukue nyingine. Msisubiri kidonge cha mwisho. Na mkizikuta dawa za kampuni nyingine kwa bei nafuu kwenye famasi za Kariakoo, msibadilishe kabla hamjamuuliza daktari, kwa sababu takrolimasi ya kampuni moja na ya nyingine huenda zisikae sawa kwenye damu ya mtu mmoja.

Hatari kubwa zaidi inatoka duka la dawa la mtaani. Mgonjwa anaumwa mgongo, ndugu anashuka chini, anarudi na diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizo zinabana damu inayoingia kwenye figo, na mtu huyu hana figo ya akiba. Kwa maumivu madogo, parasetamo kwa kipimo cha kawaida. Flukonazoli ya fangasi na klarithromaisini au erithromaisini ya kifua hupandisha takrolimasi mpaka ikawa sumu. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha mpaka figo ikabaki bila ulinzi. Balungi nalo huipandisha, kwa hiyo lisiingie ndani hata kama mgonjwa alilipenda tangu utotoni. Kanuni ya nyumba iwe moja tu: hakuna kidonge, sindano wala dawa ya kikohozi inayoingia mwilini mwake kabla kliniki ya figo haijaambiwa, hata iandikwe na daktari wa zahanati nyingine.

Dawa za miti shamba ziko humo humo. Nawaheshimu wazee wetu wanaozijua, lakini nyingi hazijapimwa zikiwa pamoja na dawa hizi. Na kuna moja inayohitaji kusemwa kwa sauti: zile poda, chai na chupa zinazotangazwa kwa vipaza sauti mtaani kwamba zinaongeza kinga ya mwili. Mgonjwa wenu kinga yake inashushwa kwa makusudi. Kumtafutia cha kuipandisha ni kufanya kazi ya kuipiga vita figo.

Maji yanahitaji familia ijisahihishe. Kwa miezi au miaka, mlimpimia maji kwa kikombe kwa sababu mwili ulishindwa kuyatoa. Watoto walifundishwa kumkatalia baba maji. Figo mpya ikifanya kazi, mambo yanageuka: kliniki humpangia kiasi chake, mara nyingi lita 2 hadi 3 kwa siku, na kwa joto la Dar es Salaam akipungukiwa figo inaumia. Wapo wanaoendelea kuogopa maji kwa mazoea. Jazeni chupa asubuhi aione, na jioni muangalie imebaki nini. Maji yachemshwe au yawe ya kununua yaliyofungwa vizuri. Ya bomba na ya kisima cha ghorofani yasinywewe hivi hivi. Madafu yasubiri ruhusa ya daktari, kwa sababu yana potasiamu nyingi na takrolimasi yenyewe huipandisha potasiamu kwenye damu.

Chakula kiwe cha nyumbani, kilichopikwa kikaiva na kuliwa cha moto. Juisi ya miwa yenye barafu, matunda yaliyokwishakatwa, kachumbari ya mgahawani, mayai yenye kiini kibichi na mishkaki yenye damu ndani vyote viachwe, hasa miezi ya mwanzo kinga inaposhushwa zaidi. Papai au embe nunueni zima, lioshwe, limenywe nyumbani. Maziwa yachemshwe. Prednisoloni inaleta njaa kali na, pamoja na takrolimasi, inaweza kumpa mtu kisukari ambacho hakuwa nacho, kwa hiyo soda na maandazi ya kila asubuhi si zawadi. Chumvi ndogo, ng'onda na papa mkavu kwa nadra. Mkimwona uso unakuwa mviringo, mikono inatetemeka kidogo, usingizi unapotea na hasira ziko karibu, jueni mara nyingi ni dawa zinazofanya hivyo. Mwambieni daktari. Msimcheke wala msigombane naye.

Nimeacha wageni hadi sasa kwa sababu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Kwetu kumjulia hali mgonjwa ni wajibu. Watakuja wa dini, wa kikoba, wa dukani, wa kijijini waliopanda basi usiku kucha, na kila mmoja atataka kuingia, kumshika mkono, kukaa kitandani na kusoma dua. Kumfukuza mtu aliyekuja kwa mapenzi ni vibaya. Kumwacha aingie na mafua yake ni vibaya zaidi. Familia zilizofaulu zilimteua mtu mmoja wa kupokea, tena mtu mzima anayeheshimika, mara nyingi shangazi au mjomba, si kijana. Anakaa sebuleni au kibarazani, chai ipo, viti vipo. "Shikamoo mama. Karibu sana, mgonjwa wetu anaendelea vizuri. Madaktari wametuomba tumsalimie kwa mbali kwa miezi hii mitatu ya mwanzo, naye anawasikia." Mgonjwa anatokea mlangoni amevaa barakoa, anaweka mkono kifuani, anaitikia salamu, anarudi ndani. Dua inasomwa palepale kibarazani. Hakuna aliyeondoka amenuna kwa utaratibu huo, kwa sababu amepokewa, amekula, na amemwona. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili, hata awe kaka yake wa tumbo moja, akapime kifua kikuu kwanza. Misiba na harusi za miezi ya mwanzo, familia iende kwa niaba yake.

Watoto wa nyumbani wapewe chanjo zao zote kwa tarehe. Jambo la kukumbuka ni kwamba mtoto akipewa matone ya polio, virusi vilivyodhoofishwa vya chanjo hutoka kwenye choo chake kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mgonjwa asimbadilishe nepi. Yeye mwenyewe hapewi chanjo zenye virusi hai, ikiwamo ya homa ya manjano. Akitaka kusafiri kwenda nchi inayoidai, apate barua ya daktari mapema. Chandarua chenye dawa kila usiku, hata ghorofa ya nne.

Nunueni vitu vitatu: kipimajoto, mashine ya presha ya mkononi na mizani. Kisha daftari la shule la kurasa za kawaida. Kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya kunywa chai, apimwe uzito, joto na presha, na miezi ya mwanzo mkojo wake upimwe kwa chombo chenye alama. Mstari mmoja kwa siku unatosha: tarehe, kilo 61.4, joto 36.7, presha 128/80, mkojo lita 2.3, dawa asubuhi ndiyo, usiku ndiyo. Daktari akifungua daftari la namna hiyo anaona kwa dakika moja kitu ambacho mgonjwa hawezi kukikumbuka kwa nusu saa.

Daftari hilo ndilo litakalowaambia mwende hospitali. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, uzito kupanda kilo 1 kwa siku moja au 2 ndani ya wiki, mkojo kupungua, miguu au uso kuvimba, presha kupanda ghafla, maumivu au uvimbe pale figo mpya ilipo, yaani chini ya tumbo upande mmoja, mkojo wa kuchoma au wenye damu, kuharisha au kutapika kusikokoma, kikohozi na kuishiwa pumzi. Lolote kati ya hayo ni la siku hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Msiende kwanza kuchomwa sindano ya malaria dukani ili mwone asubuhi. Kutoka Mnazi Mmoja hadi Muhimbili ni mwendo mfupi sana wa gari, na wenzenu wa Lindi au Kigoma wangeitamani bahati hiyo. Mwili ukianza kuikataa figo na ukawahiwa, mara nyingi dawa zinaituliza. Kwa muda mrefu zaidi, angalieni pia ngozi na mdomo: mabaka meusi au ya zambarau yasiyotoka yaonyeshwe kliniki, kwa kuwa saratani ya Kaposi huwapata zaidi watu wenye kinga iliyoshushwa.

Bodaboda asipande. Figo iliyopandikizwa imekaa mbele, karibu na ngozi, haina mbavu za kuikinga, na usukani au pigo dogo linatosha kuiumiza. Bajaji kwenye mashimo isubiri pia mpaka kidonda kishike. Vumbi la kubomoa na kujenga maghorofa, ambalo halikosekani Kariakoo, hubeba fangasi wanaoweza kuingia kwenye mapafu ya mtu wa namna hii. Kukiwa na ujenzi jirani, madirisha ya upande ule yafungwe na akitoka avae barakoa. Kama ni mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo au Mchikichi, miezi mitatu ya mwanzo duka lisimamiwe na mwingine.

Ramadhani itakapokaribia, lisemwe mapema. Dawa za kila saa 12 na maji ya mchana kutwa havipatani na saumu, na mwaka wa kwanza madaktari kwa kawaida hukataza. Mgonjwa ameruhusiwa kula, na wa kumweleza hilo vizuri ni sheikh wake akiwa amekaa pamoja na familia. Vivyo hivyo mfungo wa Kwaresima, mchungaji au padri aambiwe. Na wanandoa wazungumze na daktari kuhusu uzazi: maikofenoleti hudhuru mimba, na mwanamke aliyepandikizwa hushauriwa asubiri angalau mwaka mmoja, dawa zibadilishwe kwanza.

Sasa twende chumba cha pili. Aliyechangia figo huruhusiwa mapema, anatembea, anacheka, na kwa sababu hiyo nyumba inamrudishia kazi zake. Akiwa dada au mama, wiki ya pili unamkuta jikoni. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20; yeye asinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa takriban wiki sita, la sivyo kidonda cha ndani kinaweza kufumuka kikawa ngiri. Asibebe mtoto, asipande ngazi na mizigo ya sokoni, asifue mablanketi. Uchovu wake ni wa kweli: figo moja inajifunza kazi ya mbili, na inakuja kufikia kama asilimia 70 ya nguvu ziliyokuwa nayo zote mbili. Inatosha kwa maisha marefu. Ronald Herrick yule wa Boston alifariki Desemba 2010 akiwa na miaka 79, miaka 56 baada ya kutoa figo yake.

Mchango wa familia umhesabu naye. Kama anauza vitenge au anapika kwa mama ntilie, wiki sita bila kazi ni kodi ya chumba na ada ya mtoto. Wekeni fungu lake mapema, mpeni bila kumsubiri aombe. Naye diklofenaki na ibuprofeni azikwepe maisha yake yote. Akiwa mwanamke atakayezaa baadaye, aseme kliniki ya wajawazito kwamba ana figo moja, kwa sababu uwezekano wa kifafa cha mimba kwake unaongezeka kidogo na anahitaji kuangaliwa kwa karibu.

Na jambo la moyo. Katika ugomvi wa urithi au wa ndoa, pasitokee mtu wa kumkumbusha mgonjwa kwamba anaishi kwa figo ya fulani. Wala figo ikishindwa siku moja, pasiwe na wa kumtazama mchangiaji kana kwamba alitoa kitu kibovu. Wazee wa familia walitamke hilo mbele ya wote, mapema, wakati watu wako vizuri.

Mgonjwa ana kliniki yake na daftari lake. Mchangiaji mara nyingi hana anayemfuatilia akishatoka hospitali na kidonda kikapona, na ndiye anayetakiwa kupimwa presha, protini kwenye mkojo na kreatinini kwenye damu kila mwaka, maisha yake yote. Kama kwenu yupo ndugu aliyetoa figo, muulize leo alipimwa lini mara ya mwisho. Akikujibu ni zaidi ya mwaka, mpeleke wiki hii.